Wakisema msimu utakuwa mbaya, boti niipandishe?

Kila ikikaribia Aprili, wenzangu wa diko la Nungwi, pwani ya kaskazini ya Unguja tunapoegesha boti, huniuliza suala moja: watabiri wa vimbunga mwaka huu wanasemaje, na boti tuzipandishe nchi kavu? Naulizwa mimi kwa sababu inajulikana nina daftari. Mdogo wangu wa kike ameolewa Tampa, Florida, na kila utabiri wa msimu wa vimbunga unapotoka kule hunitumia kwa WhatsApp, yeye roho juu kwa ajili ya nyumba yake, mimi kwa kupenda kujua tu. Nikaanza kuandika: kushoto walichosema kabla ya msimu, kulia kilichotokea. Baadaye nikaongeza kurasa za bahari yetu. Kwa hiyo nawaandikia wenye vyombo, wenye nyumba za wageni ufukweni na wakulima wa mwani, ambao wote huwa tunasubiri kuambiwa mwaka ujao utakuwaje.

Lililo kubwa kwanza. Utabiri wa msimu unahesabu vimbunga vya bahari nzima. Hausemi vitapita wapi. Mwaka 2010 Atlantiki ilitoa dhoruba 19 zilizopewa majina, na 12 kati yake zikawa vimbunga kamili, lakini hakuna hata kimoja kilichoipiga Marekani kikiwa na nguvu hizo. Mwaka 1992 ulikuwa mtulivu. Dhoruba ya kwanza kupewa jina ilichelewa hadi Agosti. Hiyo ya kwanza ndiyo Andrew, iliyoingia kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti ikiwa daraja la 5, la juu kabisa, na kusomba mitaa mizima. Mtu wa kule aliyeambiwa mwaka 1992 kwamba msimu utakuwa mwepesi hakudanganywa. Nyumba yake ndiyo haikujua kama msimu ni mwepesi.

Sasa je, hiyo hesabu ya bahari nzima wanaipata? Hapo daftari linanoga. Kazi hii aliianzisha William Gray wa Chuo Kikuu cha Colorado State mwaka 1984, na wanafunzi wake wanaiendeleza. Wao hutoa tarakimu tatu: dhoruba zenye majina, zile kati yake zinazokuwa vimbunga kamili, na vimbunga vikubwa, yaani vya daraja la 3 kwenda juu. Ukurasa mmoja wa daftari langu, ulioingia doa la dizeli pembeni, unasomeka hivi. Mwaka 2006 walisema 17–9–5, ikawa 10–5–2. Mwaka 2013 walisema 18–9–4, ikawa 14–2–0. Mwaka 2024 walisema 23–11–5, ikawa 18–11–5. Ukiona huo wa 2013 utacheka. Ukiona wa 2024, vimbunga 11 na vikubwa 5 vimelala pale pale walipoviweka tangu Aprili, utawaamkia shikamoo.

Lakini kucheka na kushangaa si kupima. Nawashauri muongeze safu ya tatu: mtu asiyejua lolote, ambaye kila mwaka anaandika wastani na kwenda zake kulala. Wastani wa Atlantiki kwa miaka ya 1991 hadi 2020 ni 14–7–3. Mlete huyo asiyejua. Mwaka 2006 anawashinda maprofesa. Mwaka 2013 anawashinda tena, na zile dhoruba 14 amezipata bila jasho. Mwaka 2024 anaachwa mbali. Mtabiri ni wa maana pale tu anapomshinda huyu bwana kwa miaka mingi, si kwa mwaka mmoja uliokukera au uliokufurahisha.

Kuna jengine ambalo safu hizo zilinionesha lenyewe. Watabiri hawapendi kwenda mbali na katikati, na miaka ya ajabu huwapita. Mwaka 2005 idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ilisema mwezi Mei dhoruba 12 hadi 15, zikaja 28. Mwaka 2020 walisema 13 hadi 19, zikaja 30, majina yote ya orodha yakaisha wakaingia herufi za Kigiriki. Miaka yote miwili walisema utakuwa mwingi, na ukawa mwingi. Upande waliupata, kiasi hawakukipata. Ndiyo maana mimi siku hizi nasoma upande tu, juu ya wastani au chini, na tarakimu naziacha zipite.

Tena utabiri usomeni mpaka chini. NOAA wenyewe huandika kwamba kila kadirio lao la "kutoka hadi", kama lile la 13 hadi 19, lina uwezekano wa asilimia 70 wa kupatia. Maana yake katika misimu kumi wanatarajia kukosa mitatu hivi. Wakikosa mmoja, watu mitandaoni wanaandika "waongo hawa". Wasipokosa hata mmoja kwa miaka kumi, hapo ndipo ningewashuku, kwa sababu wangekuwa wametandika makadirio mapana kama jamvi la msikitini.

Utabiri wa mapema ni dhaifu kuliko wa baadaye, na sababu inajulikana. Sehemu kubwa ya kazi hutegemea El Niño, yaani maji ya Pasifiki karibu na ikweta kupata joto kuliko kawaida: ikiwepo, pepo za juu za Karibiani hupishana na za chini, kimbunga kikakatwa kichwa kabla hakijasimama. Ikiwa La Niña, maji hayo yakipoa, njia huwa nyeupe. Sasa mwezi Aprili bahari ya Pasifiki bado haijaamua, na anayetabiri Aprili anabahatisha jambo ambalo Agosti litakuwa wazi. Wale wa Colorado walikuwa wakitoa tarakimu hata Desemba. Baada ya miaka mingi walijipima wenyewe, wakaona za Desemba hazina faida, wakaziacha. Hilo limenifanya niwaamini zaidi. Na hata El Niño si neno la mwisho: mwaka 2023 ilikuwepo, na ya nguvu, lakini maji ya Atlantiki yalikuwa na joto lisilo la kawaida, zikaja dhoruba 20.

Turudi kwetu. Msimu wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili, na kituo cha Réunion ndicho kinachovifuatilia vimbunga vyake. Utabiri wa msimu wa huku unazungumza zaidi na watu wa Madagaska, Morisi na Msumbiji. Sisi tuko karibu nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, Pemba tano, na huku juu mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujizungusha. Ndiyo maana wazee wetu wengi wameishi na kufa hawajaona kimbunga.

Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikavunja mji, kikazamisha majahazi na meli za Sultani, kikang'oa mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na toka hapo karafuu ikawa ni Pemba. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth ilipita Ngazija ikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 Jobo ilielekea Dar. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia.

Tazameni miezi. Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Hidaya ilikuja msimu umeshafungwa kwenye karatasi! Mtu aliyengoja "msimu wa vimbunga" uishe ndipo ashushe chombo majini, siku nne baadaye alikuwa anasikiliza redio na boti zote za abiria zimesimama.

Kwa hiyo jibu langu la suala la diko ni hili: boti ipandisheni masika, wamesema mwaka mbaya au mzuri. Hatari yetu, ndogo kama ilivyo, inaangukia wakati ambao chombo hakiingizi kitu. Aprili na Mei wageni hakuna, hoteli nusu zimefunga, na matengenezo lazima yafanywe. Ngojeni bamvua, siku za maji makubwa, yakijaa mpaka kwenye mizizi ya mikasuarina, muielee boti juu kadiri inavyokwenda, magogo chini, vijana wanane wa kusukuma, mashine itolewe ipelekwe ndani. Ukipandisha maji mafu, siku yanapojaa kidogo, utaishia katikati ya ufukwe, na bamvua inayofuata ikija na upepo itakufuata hapo hapo. Nyumbani nako, kabla ya mvua hizo, pigilia mabati upya kwa misumari ya kofia na kata matawi ya mwembe yanayolalia paa. Hakuna kati ya haya kinachohitaji tarakimu ya mtu.

Utabiri wa msimu nautumia wapi basi? Kwenye mambo ya polepole. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema vuli itakuwa juu ya wastani, sichukui mkopo ambao marejesho yake yanategemea safari za kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba za Novemba. Wakisema chini ya wastani, namwambia mama watoto tuangalie tangi la maji mapema. Maamuzi ya namna hiyo hayaumi sana yakikosea. Ya kutoka au kutotoka leo, hayo si ya utabiri wa msimu kabisa. Hata Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa watu hutazama moshi wa kile kibanda kinachochomwa unaelekea wapi kujua mwaka utakavyokuwa, lakini sijasikia mvuvi aliyeuuliza moshi kama Jumanne atoke.

Jobo ina jambo lake. Tulitahadharishwa, skuli na masoko zikajaa mazungumzo, halafu ikalegea baharini ikafika pwani imeshachoka. Hapa Nungwi ikawa kichekesho, na Hidaya ilipotangazwa nikasikia "hiyo nayo Jobo". Hidaya ilinyesha kusini mpaka barabara ya Lindi ikakatika. Tahadhari ya siku tatu na utabiri wa miezi sita vina vipimo mbalimbali. Usichukue dharau ya kimoja ukaitia kwenye chengine, wala tahadhari moja iliyolegea usiifanye kipimo cha zote.

Na tusijisahau tukahofia vimbunga tu. Boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, Mungu awarehemu waliokuwemo, na hapakuwa na kimbunga chochote, ilikuwa kusi, upepo wa kusini. Kusi haina jina wala haihesabiwi na mtu, inakuja kila mwaka. Mstari ninaoutafuta mimi katika taarifa ya jioni ni ule ambao sote tunaujua kwa moyo: upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Ukiwemo, na ukitaja pwani yetu, nawapigia wageni usiku ule ule, si asubuhi wakiwa wameshavaa majaketi. Anayetaka pesa yake namrudishia, anayetaka siku nyengine namwandika. Wengi huchagua siku nyengine.