Wasomaji Wanauliza: Besi Inayopotea Kwenye Simu

SWALI: Wahariri, salaam. Sisi ni bendi ya watu watatu hapa Mwanga, Kigoma: sinthesaiza mbili (vinanda vya kielektroniki), mwimbaji, na midundo ya kompyuta. Nyimbo tisa za albamu yetu ya kwanza tumeshazirekodi. Kwenye hedifoni besi inatikisa, kwenye simu haisikiki kabisa, na kwenye spika za baa inavimba mpaka inammeza mwimbaji. Tumeiongeza, mambo yakawa mabaya zaidi. Tufanyeje?

JIBU: Kwanza irudisheni ilipokuwa. Spika ya simu haitoi cha maana chini ya hezi 200 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na noti ya A ya besi iko kwenye hezi 55. Mkiipandisha, simu haina habari. Mzigo wote unaangukia spika kubwa ya baa.

Dawa iko kwenye umbo la wimbi. Wimbi la sain, lile laini lisilo na kona, lina hiyo 55 tu, basi. Wimbi la msumeno lina pia 110, 165, 220 na kuendelea, na sikio likizipata hizo za juu hujijazia lenyewe ile ya chini. Nakilini besi kwenye treki ya pili, mwipe wimbi la msumeno, mkate kila kilicho chini ya hezi 150, kisha mwipandishe polepole huku mkisikiliza kwa simu. Noti ikishatambulika, simameni hapo. Ikianza kusikika kama kinanda kingine, mmezidisha.

Kuvimba nako kuna visababishi vyake. Angalieni osileta, yaani kile kinachozalisha sauti ndani ya sinthesaiza. Wapiga sinthesaiza tunapenda kuachanisha tuni za osileta mbili ili sauti inenepe, na kwenye noti za juu inapendeza kweli. Chini ni balaa: hezi 55 na 56 zikilia pamoja, sauti hupanda na kuzama mara moja kila sekunde, hivyo noti moja inapiga kifua na inayofuata imekufa. Besi itumie osileta moja. Koras (athari ya kunenepesha sauti) na upana wa stirio visiguse chini ya hezi 120, maana spika nyingi za baa zimefungwa mono (kushoto na kulia vimechanganywa kuwa kimoja), na kushoto kukipingana na kulia besi hufutika.

Halafu kiki, yaani ngoma kubwa ya mdundo. Wekeni kompresa (kinachoshusha sauti chenyewe) kwenye besi, lakini iamshwe na kiki: ipunguze desibeli 3 hadi 6, iachie baada ya milisekunde 100 hadi 150. Kwa mwendo wa midundo 120 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 500, kwa hiyo besi inapata muda wa kurudi kabla ya kiki nyingine. Zile sauti ndefu za nyuma zikateni chini ya hezi 200. Zikipigwa peke yake zitaonekana nyembamba. Msiogope, hakuna atakayezisikia peke yake, na hapo ndipo mwimbaji anapata nafasi.

SWALI: Tukichomeka kompyuta ya mapajani kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), spika zinavuma "mmmm". Waya tumebadilisha. (Ujiji)

JIBU: Chomoeni chaja, mwache betri ifanye kazi. Uvumi ukikoma, umeme unazunguka kati ya waya za athi (za ardhini) za vifaa viwili. Umeme wetu ni hezi 50, na ndiyo hiyo mnayoisikia. Chomekeni vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Usipokoma, tafuteni DI boksi (kisanduku cha kuunganisha kifaa na mikisa) yenye transfoma na swichi ya kukata athi ya sauti. Pini ya athi ya plagi msiikate kamwe: kifaa kikivuja umeme, mpiga gitaa aliyeshika maikrofoni ndiye atakayeupokea.

SWALI: Faili za kupeleka kwa msambazaji ziweje? (Kigoma mjini)

JIBU: WAV ya biti 16 au 24, kilohezi 44.1. MP3 msipeleke, kwani majukwaa huibana tena na sauti za juu huchakaa. Kilele cha sauti kiishie desibeli 1 chini ya sifuri. Spotify husawazisha sauti kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo masta (nakala ya mwisho) iliyobanwa sana hushushwa tu, ikabaki bapa. Kava liwe la mraba, pikseli 3000 kwa 3000. Kila wimbo upate namba yake ya ISRC (utambulisho wa rekodi), na bendi ijisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kazi zenyewe COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Mgawanyo wa asilimia kwa kila wimbo uandikeni na kuusaini wote watatu kabla ya kupakia, si baada ya hela ya kwanza kuingia.