Koo si mizani ya nikotini

Kwa miaka miwili nilipima nguvu ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kwa koo. Ikinikwaruza, nilisema kali. Ikipita laini, nilisema hafifu. Mazoea hayo yalinilaza sakafuni siku moja nyumbani Bombo, jasho likinitoka, moyo ukinienda mbio na kichefuchefu kimenishika.

Nilizoea kifaa kikubwa chenye juisi, yaani kimiminika cha kuvuta, ya miligramu 3 za nikotini kwa mililita. Rafiki aliyetoka safari akanipa kifaa kidogo, chembamba kama kalamu, kimeandikwa 5%. Nikaona 3 na 5 hazijaachana sana. Sikujua kwamba asilimia 5 ni takriban miligramu 50 katika kila mililita! Nikavuta, koo likanyamaza. Nikaongeza, na kuongeza tena.

Ndugu zangu, aina ya nikotini ndiyo inayotupoteza. Ile ya kawaida hukwaruza koo. Ya chumvi huchanganywa na asidi, mara nyingi ya benzoiki, ukali wa kooni ukapungua, ilhali nikotini haijapungua hata chembe. Mentholi nayo hufunika mkwaruzo kwa ubaridi wake. Kwa hiyo ulaini haukwambii lolote kuhusu kiasi unachoingiza mwilini.

Na namba ndogo nayo isikulaze usingizi. Kifaa kikubwa kinakula juisi. Niliposhuka kutoka 6 hadi 3 nilifurahi sana, kumbe nilikuwa navuta kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi zaidi, mwili ukidai kiwango chake. Nilimaliza mililita 10 kwa siku: ukizidisha kwa 3, ni miligramu 30. Anayemaliza mililita moja na nusu ya juisi ya 20 anatumia 30 hizohizo. Si zote zinazoingia kwenye damu, lakini hesabu hiyo ina ukweli kuliko koo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina ukomo wa miligramu 20 kwa mililita. Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kabisa kuingiza, kutengeneza na kuuza vepu. Chupa unayoletewa kwa siri Kampala hujui nani aliyeipima, hata lebo iwe nzuri namna gani. Hilo peke yake lingenitosha kumwambia asiyevuta asiguse.

Wewe uliyekwisha kunaswa, chukua daftari. Andika mililita ulizotumia kila siku, zidisha kwa namba ya chupa. Ukipunguza nguvu, angalia kama mililita zimepanda. Ukipewa kifaa usichokijua, vuta mara moja, kiweke chini, usubiri dakika kadhaa. Kizunguzungu, jasho la baridi au tumbo kuchafuka ni ishara ya kuacha hapohapo. Ukitapika mfululizo au moyo usipotulia, nenda kituo cha afya ukawaeleze ulichovuta bila kuona haya.

Daftari langu lilianza na 30. Juzi niliandika 9.