Kiharusi katika umri mdogo: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Pole sana dada, na mdogo wako mpe pole zangu. Nimeelewa kwamba ana miaka 28, hii ni wiki ya tatu, upande wa kulia umelegea, maneno hayatoki, na unauliza kama atarudi alivyokuwa na nyinyi nyumbani mshike lipi. Mimi kilinipata nikiwa na miaka 31, upande huohuo, na maneno yakaondoka. Nakujibu kwa niliyopitia na kwa ninayoyaona kwa vijana ninaowatembelea wodini siku hizi. Ya dawa mwachieni daktari wake.

Nianze na maneno, maana ndiyo yanayoumiza kuliko mguu. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, ndiyo maana vimekwenda pamoja. Akili yake ipo. Kiasi cha kuelewa hutofautiana kwa kila mgonjwa, lakini nyinyi chukulieni kwamba anaelewa. Mimi nililala pale nikiwasikia wageni wakijadili nani atanitunza, kana kwamba nimeshazikwa. Nilitaka kusema "maji", ikatoka "meza". Nikajua siyo, nikajaribu tena, ikatoka "meza" kwa sauti kubwa zaidi. Hasira mnayoiona kwake inaanzia hapo.

Kwa hiyo muulizeni swali moja tu, la kujibika kwa ndiyo au hapana, kisha mnyamaze. Mnyamaze kweli. Msimmalizie sentensi hata kama neno mnalijua, labda awaombe kwa macho. Zimeni redio. Na mwimbieni wimbo aliouzoea muone: kuna mtu hawezi kutaja jina lake lakini ubeti mzima unatoka, kwa kuwa kuimba kunategemea pia upande wa kulia wa ubongo. Wataalamu wa matamshi wana tiba waliyoijenga juu ya jambo hilo.

Mkono sasa. Tafadhali asivutwe mkono ule anapoinuliwa kitandani. Misuli inayoshikilia bega imelegea, mfupa hushuka kutoka mahali pake, na bega likianza kuuma mazoezi yote hukwama. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Jambo jingine linalozua kelele: akipiga miayo, mkono uliopooza unaweza kuinuka wenyewe. Kwangu ulikuwa ukipanda hadi kifuani, halafu ukishuka na mwayo. Familia nyingine hushangilia muujiza, nyingine hudhani mgonjwa anajifanya. Siyo hili wala lile. Ni njia nyingine ya neva, isiyopita kwenye utashi wake.

Vidole vyangu vilirudishwa na vibanio vya nguo. Kubana, kuachia, kubana, mpaka jasho linatoka kwa kazi ya mtoto wa chekechea. Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, siyo kwa kukandwa. Mtafiti mmoja, Edward Taub, alijenga tiba ya kuufunga mkono wenye nguvu ili ule uliopooza ulazimike kutumika, lakini hiyo ni kwa mwenye uwezo wa kukunjua kifundo na vidole walau kidogo, na chini ya mtaalamu. Msiige nyumbani.

Atarudi kama zamani? Hakuna wa kukuahidi. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye kasi, kwa hiyo fiziotherapia isingoje apate nguvu. Baada ya hapo mwendo hupungua ila hausimami. Jill Bolte Taylor, mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, alivuja damu kichwani mwaka 1996 akiwa na miaka 37, na amesimulia kwamba kupona kwake kulichukua miaka 8. Mimi leo naandika kwa mkono wa kulia, vibaya. Nikichoka, maneno huanza tena kupotea.

Uchovu huo mjiandae nao. Hauonekani, na ndugu wataita uvivu. Kuoga tu kunaweza kumaliza asubuhi yake. Ukiona pia hapati usingizi, hataki chakula, hataki mtu, mwambieni daktari. Takribani mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na inatibika. Halafu akikohoa anapokunywa maji, msiendelee kumpa kitu mdomoni mpaka apimwe kumeza, kwani chakula kikiingia mapafuni ni balaa jingine.

Mmeambiwa chanzo? Ulizeni mpaka mjibiwe. Kwa vijana huwa presha isiyojulikana, sigara, dawa za kulevya, selimundu, tundu la moyo lisiloziba tangu kuzaliwa, damu inayoganda kirahisi, au mshipa wa shingoni kuchanika ndani kama wangu. Kinga ya kiharusi cha pili inategemea jibu hilo. Msimpe aspirini kwa ushauri wa jirani: kama ni mshipa uliopasuka, mtazidisha kuvuja kwa damu.

Wengine mnaosoma: uso ukipinda, mkono ukianguka, maneno yakivurugika, msisubiri ganzi iishe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, na lazima kichwa kipigwe picha ya CT kwanza.

Umeuliza kama anaweza kuongea nami. Naam, na mimi nanufaika. Kwa kuwatembelea wenzangu ndipo nilipoanza kusema mbele ya watu bila kuona haya. Wodini kijana huwa amezungukwa na wazee, anadhani yuko peke yake. Simwambii "utapona". Namwonyesha saini yangu ya mwezi wa kwanza na ya leo, anacheka. Ila simu ya sauti hapana, hana uso wa kusoma. Iwe ya video, asubuhi kabla hajachoka, dakika chache. Na wewe ukae pembeni, usimjibie.