Kava ya Tapeti Haitaki Nguvu

Bi harusi alishuka garini pale Vuga, mjini Unguja, akinuka oili iliyoungua. Udi aliofukizwa tangu alfajiri, asumini kichwani, halud kwenye viganja, vyote vilizidiwa na moshi mwembamba uliokuwa ukipenya ndani tangu tulipovuka Michenzani. Mama yake hakusema neno. Alinitazama tu, nami nikajidai nahangaika na kitasa cha mlango.

Gari yenyewe ni Morris Minor 1000 ya ami yangu, ile ya injini ya cc 1098 iliyoanza kutoka mwaka 1962. Ami aliponiachia aliniambia maneno mawili: usiiuze, na usiikaripie. La kwanza nimelishika. La pili nililivunja mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na zote tatu kwa sababu ya kibati kimoja kinachoshikwa na nati mbili.

Ukifungua boneti ya Morris, juu ya injini utaona kibati kirefu, kwa kawaida cha kijani, chenye mfuniko wa kutilia oili. Hiyo ndiyo kava ya tapeti. Chini yake imelala shafti ya roka, roka nane, yaani vile vikono vinavyosukuma valvu, na springi za valvu, vyote vikilowa oili muda wote injini inapozunguka. Baina ya kava na silinda hedi, kichwa cha injini, kuna gasketi ya koki ya kuzibia, ile kahawia nyepesi inayofanana na kizibo cha chupa. Upande wa kulia wa injini ziko plagi. Oili ikivuja huko hutuama tu na kushika vumbi, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Upande wa kushoto ndiko iliko manifodi ya eksosi, lile bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini. Tone likiangukia hapo linakaangika, na moshi unakuja kukusalimia ndani. Kwa hiyo gari yako ikinuka oili ukisimama kwenye foleni ya Darajani, usikimbilie kusema ringi za pistoni zimekwisha. Chukua tochi utazame ukingo wa kava upande wa manifodi kwanza.

Mara ya kwanza niliipeleka gereji. Kijana akatia gasketi mpya, akachukua mpini mrefu wa soketi, akakaza mpaka akaguna. Nilifurahi, nikaona hapa sasa pamefungwa. Wiki mbili, oili ile ile. Mara ya pili nikajifanya fundi mwenyewe: nikapaka silikoni juu na chini kama mtu anayepaka siagi kwenye boflo, nikakaza zaidi ya yule kijana. Siku kumi. Ya tatu ndiyo ile ya harusi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kikwajuni, aliyezeeka mikono yake ikiwa ndani ya injini za Kiingereza. Nilimkuta kibarazani kwake anakunywa kahawa, kava nimeikumbatia ndani ya gazeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta mgonjwa?"

Hakuitazama gasketi hata kidogo. Alimtuma mjukuu wake akalete kipande cha kioo kilichobaki walipotengeneza dirisha, akakilaza juu ya baraza, akaiweka kava juu yake, akaigusa pembeni kwa kidole. Ikayumba.

"Umeona? Hii si kava tena, hii ngalawa."

Nati mbili zile zinakamata katikati ya mgongo wa kava, lakini mahali pa kuziba ni ukingoni, kote kuzunguka. Bati lake ni jembamba. Ukikaza kupita kiasi mgongo unazama na kingo zinanyanyuka, na panaponyanyuka ndipo oili inapopitia. Inavuja, unakaza. Unakaza, inapinda. Imepinda, inavuja zaidi. Mwaka mzima nilikuwa nailipa pesa gasketi kwa kosa la mkono wangu.

Kuinyoosha si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Ilaze juu ya kitu kilichonyooka kweli kweli. Kioo kinene kinafaa, kipande cha marumaru kinafaa, meza ya mbao ya nyumbani haifai hata kama unaiamini. Angalia mwanga unapopenya chini ya ukingo, utie alama kwa kalamu. Kisha ikalishe ile sehemu juu ya kigogo kigumu, ugonge kwa nyundo ndogo huku umeweka kipande cha mbao baina ya nyundo na bati. Gonga kidogo, rudisha kwenye kioo, tazama, gonga tena. Mimi ilinichukua kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi. Mzee alikuwa ananitazama tu, na kila nyundo ilipopanda juu sana alikohoa.

Kabla ya hapo kuna usafi, na hapa wengi wetu tunaharakisha. Mabaki ya koki ya zamani hugandia kwenye silinda hedi kama ukoko. Yakwangue kwa kitu kisicho na ncha kali, kwa sababu mchubuko kwenye hedi ni njia mpya ya oili. Lakini kwanza ziba kwa vitambaa safi yale matundu ambamo pushirodi, zile fimbo zinazosukuma roka, zinapanda na oili inashukia, maana kila chembe itakayodondoka humo inaelekea kwenye karta, lile beseni la oili chini ya injini. Vitambaa vihesabu. Mimi nilitia vinne, nikatoa vitatu, nikatokwa jasho la baridi nikiwa tayari kuing'oa injini nzima, mpaka mke wangu akaniuliza kile kinachoning'inia mfuko wa nyuma wa suruali yangu ni nini.

Ukishasafisha, pangusa ukingo wa kava na uso wa hedi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, pakauke kabisa. Injini iwe baridi, na mwenye sigara akae mbali.

Kwa kuwa umeshafungua, pima tapeti. Kufungua kava na kuirudisha bila kupima tapeti ni kama kwenda Pemba ukarudi bila kushuka melini. Injini hii inataka nafasi baina ya roka na valvu ya inchi 0.012, yaani kama milimita 0.30, ikiwa baridi. Toa plagi ili izunguke kwa wepesi, tia ile hendeli ya mbele, na utumie hesabu ya tisa: valvu ziko nane, zihesabu kutoka kwenye rejeta. Valvu ya 8 ikiwa imeshuka kabisa, yaani imefunguka, pima ya 1. Ya 7 ikishuka, pima ya 2. Ya 6 na ya 3, ya 5 na ya 4, kisha kinyume chake, na kila jozi inafanya 9. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kubanwa kidogo, kama unavyovuta noti chini ya kitabu. Fundi anayekwambia anatosheka na masikio yake tu, mshukuru, umlipe chai, ufanye mwenyewe.

Sasa gasketi. Kwenye maduka ya spea ya hapa mjini ukitaja Morris utatazamwa kama uliyeulizia punda wa petroli. Injini yetu ni ya ukoo wa A-Series, na ukoo huo ndio uliomo pia kwenye Mini ya zamani, iliyoendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000. Gasketi ya kava ya Mini inakaa sawasawa. Ukiwa na ndugu Uingereza, mwambie aulize ya Mini. Ni nyepesi kama bahasha na haigharimu kitu. Agiza na zile raba mbili za chini ya nati, wala usizisahau. Raba zikizeeka zinakuwa ngumu kama kokwa la embe, hazibonyei tena, na ndipo mtu anapodhani dawa ni kukaza. Mimi nilizirudisha zile zile mara zote tatu.

Koki iliyokaa dukani chini ya bati la moto hunyauka. Utaiweka kwenye kava utaona fupi, matundu ya pembeni yamekimbia. Usiivute, itakatika. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, itarudi kimo chake, kisha ikaushe kwa kitambaa.

Kuhusu silikoni, nina ugomvi nayo. Watu wanaipenda kwa sababu inaonekana inafanya kazi. Lakini ile inayobanwa nje unaiona na kuifuta. Ile inayobanwa ndani huioni. Inakatika vipande, vinasafiri na oili hadi kwenye chujio la pampu ndani ya karta, na injini inaanza kukaukiwa. Kwa gasketi ya koki huihitaji. Unachohitaji ni gundi ya gasketi, utando mwembamba kabisa, upande wa kava peke yake. Ibandike, igeuze kava juu ya kile kioo, weka kitu cha uzito wa wastani juu yake, uiache ishike. Mimi niliweka mfuko wa kilo mbili za unga. Upande wa hedi usipake gundi. Pitisha grisi kidogo kwa kidole. Hivyo siku ukitaka kupima tapeti tena, kava itanyanyuka na gasketi yake, nzima, na utairudisha hiyo hiyo.

Ishushe kwa mikono miwili, wima, bila kuiburuza. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote uhakikishe koki haikujikunja, hasa kule nyuma karibu na ukuta wa kabini ambako jicho halifiki. Tia raba, vile vibati vyake vya duara, kisha nati kwa vidole mpaka ziguse.

Kipimo ni pauni-futi 4, kama nyutoni-mita 5.4. Ni kidogo mno, na spana nyingi za kupimia nguvu zilizomo kwenye gereji zetu, zile za kukazia nati za magurudumu, hazishuki hadi hapo. Ukitumia spana ya kawaida ya urefu wa sentimita 15, ni nguvu ya kunyanyua kilo tatu na nusu hivi. Mzee alinifundisha niishike spana karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili na gumba, nizungushe nusu duara nati ya mbele, nusu duara ya nyuma, hivyo hivyo kwa zamu, mpaka nione raba zimeanza kutuna pembeni. Hapo simama. Mkono utakwambia bado. Usiusikilize. Na tumia spana ya nusu inchi, si ya milimita 13: ya 13 inaingia, lakini inacheza, na baada ya mara chache nati inakuwa mviringo. Kwa chumvi ya hewa yetu, hasa gari ikilala karibu na pwani, pitisha grisi kidogo kwenye nyuzi kabla ya kufunga.

Washa, iache ipate moto kama robo saa, pita na tochi. Izime, ipoe kabisa, kisha ziguse nati kwa mara moja tu, maana koki hukaa baada ya kuonja joto. Kama zimelegea zirudishe pale pale zilipokuwa, zisizidi.

Ikivuja tena baada ya yote haya, acha kava, tazama pumzi ya injini. Kuna mpira unaotoa hewa kutoka kwenye kava au ubavuni mwa injini, kutegemea ilivyofungwa. Ukizibika kwa uchafu, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea na inasukuma oili kwenye kila ukingo. Wangu ulikuwa na kitu cheusi kama halua ya jana. Niliufua kwa mafuta ya taa.

Wenye Land Rover za zamani za petroli za lita 2.25, kwenu kava ina nati tatu juu na tapeti ni inchi 0.010, lakini ugonjwa ni ule ule na dawa ni ile ile. Wa Volkswagen Beetle mna kava mbili, moja kila ubavu chini, zinabanwa na waya wa springi badala ya nati. Huko huwezi kukaza hata ukitaka, na labda Wajerumani walitujua. Angalieni tu kama waya umelegea, na msiubinye kwa koleo.

Sasa hivi naweka kipande cha boksi chini ya Morris kila usiku. Asubuhi nakuta tone moja, pengine mawili, nyuma kabisa ambako injini inakutana na gia. Hilo si la kava. Nyuma ya kranki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, injini hizi hazina sili ya raba. Kuna mifereji ya kuirudisha oili ndani, na siku zote kidogo hutoroka. Nimeliacha, na boksi ni la bure.

Mdogo wake yule bi harusi anaolewa mfunguo tatu. Mama yao amenitumia ujumbe juzi, anauliza kama ile gari imeshaoga. Nimemjibu imeshaoga, ila siku hiyo wanipe nusu saa kabla ya kutoka, niipashe moto na nipitishe tochi upande wa manifodi.