Tumbo liligoma kilomita ya 38: nijiandaeje kwa kilomita 80 za milimani?

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 36 na uzito wa kilo 68. Nimemaliza marathoni nne, bora yangu ni saa 3 na dakika 48. Mwaka jana nilijaribu mbio za milimani za kilomita 50. Nilianza vizuri na kasi yangu ya kawaida. Saa mbili za mwanzo sikula kitu kwa kuwa sikusikia njaa, kisha kwenye kituo cha kilomita ya 30 nikameza jeli tatu (pakiti za sukari nzito za wakimbiaji) kwa mpigo na maji mengi. Kilomita ya 38 nikatapika, na tangu hapo hakuna kilichopita kooni. Mapaja nayo yakaisha, miteremko ya mwisho nikashuka nikichechemea. Sasa nimejiandikisha mbio za kilomita 80 zenye jumla ya mita 3,200 za kupanda, na zimebaki wiki 20. Kwa wiki nakimbia kilomita 55. Mwenzangu anasema nipandishe hadi 120 na niache wanga ili mwili uzoee kuchoma mafuta. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Yote mawili hapana, ingawa mwenzako hakuyaokota hewani.

Soma tena ulichoniandikia: mapafu hukuyataja popote. Kilichokuangusha ni tumbo na mapaja, na kilomita 120 za barabara tambarare kila wiki hazifundishi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Zaidi zitakupa jeraha.

Tuanze na tumbo, maana ndipo mbio ndefu nyingi huishia. Kukimbia tambarare hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kwako, kilomita 80 ni kama 5,400, na milima bado hatujaihesabu. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, hautoi zaidi ya kilokalori 2,000 hivi. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili na chakula unachokula njiani. Mafuta unayo ya kutosha hata ukiwa mwembamba kama ufito, lakini huungua taratibu na hudai oksijeni zaidi kwa nishati ileile. Ni kweli kwamba ukiacha wanga kwa wiki kadhaa mwili huchoma mafuta zaidi. Watembeaji wa mashindano wa kiwango cha juu walijaribiwa hivyo katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017: walichoma mafuta kwa wingi kweli, ila kasi ileile ikawagharimu oksijeni zaidi, na matokeo yao hayakuboreka kama ya wenzao waliokula wanga. Kwa hiyo kula wanga. Mafuta yatachangia yenyewe ukikimbia polepole.

Na hapo kwenye kupunguza kasi ndipo penye jibu la kutapika kwako. Mtu anapokimbia kwa nguvu, damu huelekezwa kwenye misuli na kwenye ngozi ili joto litoke, na utumbo hubaki na kidogo tu. Wewe ulikwenda kwa kasi ya marathoni mlimani, ukauacha utumbo bila kazi saa mbili, halafu ukaumwagia sukari ya jeli tatu. Sukari nzito isiyosharabiwa hukaa pale pale na kuvuta maji kuingia tumboni. Usilaumu jeli. Kasi inayokufaa katika mbio hizi ni ile unayoweza kutafuna na kumeza huku unakwenda, na hata kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ikikushinda, punguza, hata kama watu wanakupita.

Utumbo nao hufundishika kama misuli. Ukila wanga mara kwa mara mazoezini, uwezo wake wa kupitisha sukari kwenda kwenye damu huongezeka, na tumbo huzoea kubeba kitu huku likitikiswa. Wiki nane kabla ya mbio, katika kila mbio ndefu ya mazoezi, anza na gramu 30 za wanga kwa saa, ukiongeza kumi kila baada ya wiki moja au mbili hadi ufike 60 au 70. Kula kidogo kila dakika 20 tangu nusu saa ya kwanza, na usisubiri njaa, kwani huchelewa kuja. Glukosi peke yake hupita kwa kiasi cha gramu 60 hivi kwa saa, halafu mlango wake hujaa. Fruktosi ina mlango wake, kwa hiyo mchanganyiko wa sukari hizo mbili unaweza kufikisha 90. Huna haja ya kufika huko. Tuseme utamaliza kwa saa 13: gramu 60 kila saa ni jumla ya kilokalori 3,120, na kwa kasi utakayokwenda zinatosha. Ila beba ladha tofauti, pamoja na kitu cha chumvi. Mimi katika mbio zangu za kwanza za kilomita 100 nilipanga jeli ya ladha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya saa saba, kuona pakiti tu koo lilifunga.

Maji: jipime bila nguo kabla na baada ya zoezi la saa mbili. Mfano, umetoka na 68, umerudi na 66.6, na njiani ulikunywa nusu lita na ushee, tuseme 0.6. Umetoa jasho la lita mbili, yaani lita moja kwa saa. Si lazima urudishe yote. Kunywa kwa kiu. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa kupita kiasi, na sodiamu, yaani madini ya chumvi, ikishuka sana kwenye damu inaweza kuua. Vidole kuvimba, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa ni dalili za kwenda kwa daktari wa mbio, wala si za kuongeza maji. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziache nyumbani, maana figo siku hiyo zina mzigo wa kutosha.

Sasa mapaja. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku ikijikaza, na hapo nyuzi zake huchanika. Dawa yake ni kushuka, na hainunuliwi. Tafuta mteremko mrefu. Mara moja kila siku kumi au kumi na nne, shuka jumla ya mita 500, kisha ongeza taratibu hadi 1,500, kwa hatua fupi za harakaharaka. Mara ya kwanza utashuka ngazi kwa shida siku mbili. Mara ya pili maumivu ni nusu, kwa sababu misuli imejikinga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Zoezi gumu la mwisho la kushuka liwe wiki tatu kabla ya mbio.

Kupanda nako kuna somo lake: jifunze kutembea. Mwinuko mkali unaoupanda kwa kukimbia na ule unaoupanda kwa hatua ndefu, mikono ikisukuma mapaja, mara nyingi hutofautiana kidogo sana kwa muda na sana kwa mapigo ya moyo.

Kuhusu wingi wa mazoezi, hesabu saa badala ya kilomita. Kila mita 100 za kupanda huhesabiwa kama kilomita moja ya ziada, kwa hiyo mbio zako ni sawa na kilomita 112. Kutoka hapo ulipo, panda taratibu hadi saa tisa au kumi kwa wiki, kila wiki ya nne ukipunguza kwa theluthi moja. Sehemu kubwa iwe nyepesi. Jumamosi moja kati ya mbili nenda mlimani kwa muda wa saa nne au tano, na Jumapili yake kwa muda wa saa mbili na nusu juu ya miguu iliyochoka. Zoezi refu kuliko yote lisizidi saa saba, na liwe wiki nne kabla. Hakuna haja ya kukimbia 80 kujua kama utaziweza. Wiki mbili za mwisho punguza hadi nusu.

Kichefuchefu kikirudi siku ya mbio, usilazimishe kula. Tembea dakika 15 au 20, jimwagie maji kichwani na shingoni, kunywa kwa mafunda madogo, kisha jaribu nusu ya kile ulichozoea. Mara nyingi tumbo hufunguka tena.

Na tafuta muda wako wa kilomita 20 za kwanza za zile 50. Njia zikifanana na ukafika 20 safari hii kwa muda huohuo, umekwenda mbio mno. Tembea mpaka pumzi irudi, na ule.