Mhudumu wa jamii anayemtembelea mzazi ana faida gani?

Dada wa Mbagala uliyeuliza mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakuja nyumbani kufanya nini wakati hana sindano wala dawa: mkaribishe, tena mapema. Mkunga wa zahanati ana wazazi wengine leba, hawezi kukufuata mpaka uchochoroni kwenu, na wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa kwa mtoto.

Yeye anaangalia mtoto ananyonyaje, kitovu ni kikavu au kinatoa usaha, mwili una joto kali au umepoa. Anahesabu pumzi mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi kwa dakika, anawapeleka kituoni. Mtoto akigoma kunyonya au akipata degedege, msisubiri kukuche. Pigeni 115, ni bure, ndiyo namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Na jamani, kitovuni msipake mafuta wala majivu, hata kama bibi anasisitiza.

Wewe mwenyewe je? Damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mwambie mara moja, na kama hayupo msimsubiri, pigeni 115 hiyo hiyo. Huzuni isiyoisha pia mwambie. Wengi wananyamaza kwa sababu mama mkwe yupo sebuleni. Omba mzungumze wawili tu chumbani, hilo ni haki yako.

Kama hajafika kwenu, mwulizie kliniki ya mama na mtoto au ofisi ya serikali ya mtaa. Wengine wanajitolea kwa nauli yao, basi hata maji ya kunywa mpe.