Maswali ya Wasomaji: Mnatafuta Mdukuzi au Mlinzi?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: biashara inataka kuajiri mtu wa kulinda mifumo yake na haijui ianzie wapi. Tumechagua tano.

Sisi ni wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, tuna kompyuta 35. Hivi karibuni mteja wetu wa siku nyingi alilipa ankara kwenye akaunti ya benki isiyo yetu, na ankara yenyewe ilitoka kwenye barua pepe yetu halisi. Mkurugenzi ameagiza tuajiri "mdukuzi mzuri". Tangazo tuliandikeje? – Afisa Utumishi, Mwanza

Tangazo lisubiri kidogo, kwa sababu huenda mwizi bado yumo ndani. Ankara ikitoka kwenye anwani yenu halisi huku namba ya akaunti imebadilishwa, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kuna mtu anasoma barua za mhasibu au za mauzo. Watu hawa hawana haraka. Huweka kanuni ndani ya sanduku la barua, kwamba kila ujumbe wenye neno "ankara" au "malipo" upelekwe nakala kwao, au usogezwe kwenye folda asiyoifungua mtu, ili maswali ya mteja yasiwafikie nyinyi. Ndiyo maana kubadilisha nywila peke yake hakusaidii: kanuni inabaki palepale, na kifaa cha mwizi kilichokwisha kuingia kinaweza kuendelea kuwa ndani. Badilisheni nywila, kisha toeni vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, pigeni picha kanuni zote msizozitambua kabla ya kuzifuta (ni ushahidi), halafu washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi. Bosi naye, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuomba asamehewe. Wajulisheni wateja kwamba wakiona akaunti mpya kwenye ankara, wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara hiyo.

Yote hayo ni kazi ya siku moja au mbili na hayahitaji ajira mpya.

Sasa tuje kwenye ajira. Anayelipwa kudukua hujaribu milango, huandika ripoti, huondoka. Nyinyi mnahitaji wa kuifunga kila siku. Kwa kompyuta 35, mtaalamu wa usalama wa kutwa nzima atachoka kukaa bila kazi na kuhama. Ajirini mtu wa Tehama, na muandike usalama ndani ya majukumu yake kwa maneno yanayopimika: asasishe programu za kompyuta zote na kila mwezi alete orodha ya zilizobaki nyuma; ahakikishe hakuna anayefanya kazi za kawaida kwa akaunti ya msimamizi; atunze nakala tatu za data kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya ofisi na haijaunganishwa na mtandao; na kila robo mwaka arejeshe faili kutoka kwenye bekapu mbele ya mhasibu. Hilo la mwisho ndilo huachwa, na bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kisha mlipe mkaguzi wa nje mara moja kwa mwaka.

Kazi hizi zinachosha, lakini ndizo zinazoangusha makampuni zikiachwa. Equifax ya Marekani ilivamiwa mwaka 2017 na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Rekebisho la kasoro ya Apache Struts, programu iliyoendesha tovuti yao, lilikuwa limetolewa Machi. Wavamizi walipita hapohapo Mei.

Kuhusu tangazo lenyewe, msiandike "CISSP, uzoefu wa miaka miwili". Cheti hicho cha wataalamu wa usalama wa mifumo kinadai miaka mitano ya kazi ya kulipwa, na shahada inapunguza mwaka mmoja tu. Mwombaji anayejua kazi akisoma hivyo anaelewa kwamba mmenakili mahali, na hatatuma maombi.

Mimi naendesha kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nimewaita watu wanne kwa usaili wa kazi ya usalama wa mitandao. Kompyuta naijua ya kufungua na kuzima tu. Nitamjuaje anayenidanganya? – Mama S., Mombasa

Mama, usimuulize anajua nini. Mpe kazi afanye. Mlipe mtaalamu wa nje kwa nusu siku akutengenezee jaribio na akusahihishie. Asiwe mtu anayekuuzia vifaa, maana atakuchagulia anayevipenda vifaa vyake. Sehemu tatu zinatosha.

Ya kwanza ni barua pepe ya kitapeli iliyochapwa pamoja na vichwa vyake vyote, vile vinavyoonyesha ilikopita. Anayejua ataangalia kama ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC, ule wa kuhakiki kwamba barua imetoka kweli inakodai, umefaulu na kama anwani ya kujibu inatofautiana na ya mtumaji. Mzuri zaidi atakuambia kwamba kufaulu kwa vyote vitatu si hakikisho, kwa sababu mwizi anaweza kusajili jina la tovuti linalofanana na la mteja wako kwa tofauti ya herufi moja na kulipangia yote hayo sawasawa.

Ya pili ni ukurasa wa logi za Windows, yaani orodha ya matukio ambayo kompyuta hujiandikia, kila aina kwa namba yake. Weka namba 4625, yaani kuingia kulikoshindikana, mara mia na zaidi kutoka anwani moja. Kisha 4624 ya aina ya 10 saa nane usiku, yaani mtu ameingia akiwa mbali. Kisha 4720, akaunti mpya imefunguliwa. Kisha 4732, akaunti hiyo imeingizwa kwenye kundi la wasimamizi. Mpe dakika ishirini asimulie kilichotokea na alichokosa kukiona. Halafu muulize: kama ukurasa ungeanza na 1102, ungefanyaje? Namba hiyo inasema logi zimefutwa. Wa kawaida atasema "ni hatari". Unayemtaka atauliza kama kulikuwa na nakala ya logi kwenye seva nyingine, kwa kuwa kwenye mashine ile matukio ya zamani hayapo tena. Na bila shaka atauliza kwa nini huduma ya kuingia kwa mbali, mlango 3389, ilikuwa wazi kwenye intaneti.

Ya tatu ni mkasa wa mdomo. Ijumaa saa kumi na moja jioni faili za mhasibu zimebadilika majina, na kwenye skrini kuna maandishi ya kudai fedha. Ufanye nini katika saa ya kwanza? Akijibu "nitaifomati", mshukuru na umwite mwingine. Jibu zuri linaanza na kuitoa mashine kwenye mtandao, waya na Wi-Fi, bila kuizima, kwa sababu kwenye kumbukumbu ya muda mnaweza kupatikana vitu vya uchunguzi vinavyopotea umeme ukikatika. Kisha asimamishe bekapu ya usiku ule, ili faili zilizofungwa zisiandikwe juu ya zile nzima. Kisha atafute mashine nyingine zilizoshika folda ileile. Na kwa kuwa uko Kenya, ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, pale taarifa binafsi zilipofikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya madhara kwa wenyewe. Wewe unashika nyaraka na vitambulisho vya wateja. Hilo linakuhusu moja kwa moja.

Mwisho mwambie aandike nusu ukurasa wa kumweleza karani wako kilichotokea. Karani asipoelewa, mtu huyo atakuwa anapiga kelele ambazo hakuna atakayezifuata.

Vyeti vina maana yoyote? – J.K., Dodoma

Vina maana, ila havilingani. Security+ inaonyesha misingi, na hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. OSCP ni mtihani wa vitendo: karibu saa 24 za kuvamia mashine za majaribio, kisha siku nyingine ya kuandika ripoti. Ni kipimo kizuri cha mjaribu milango, lakini hakisemi kama mtu atasasisha seva zako kila mwezi. Picha ya cheti kwenye simu usiikubali. Omba kiungo au namba ya uhakiki na ukague mwenyewe kwenye tovuti ya waliokitoa. Na usimkatae asiye na cheti aliyefaulu jaribio kama lile la Mama S.

SACCOS yetu ina mtaalamu mmoja hodari. Bodi inamtaka alinde mifumo saa 24. Amechoka, na tunaogopa ataondoka. – Meneja, Moshi

Ataondoka. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo kiti kimoja kisicholala kinahitaji karibu watu wanne kabla hujahesabu likizo ya siku 28, ugonjwa na masomo. Kwa uhalisia ni watano, na hapo kila zamu ina mtu mmoja tu asiye na wa kumuuliza.

Taasisi ya ukubwa wenu hukodi zamu za usiku kwa kampuni inayoangalia mifumo ya wengi, na mtaalamu wenu akabaki mchana kurekebisha yanayoonekana. Mkataba ndio unaovuruga watu. Usikubali maneno "tutafuatilia saa 24". Andikeni: tahadhari kubwa ikitokea, simu inapigwa ndani ya dakika ngapi na kwa nani; nani ameruhusiwa kuitenga kompyuta usiku bila kumsubiri meneja; logi ni mali ya nani mkiachana. Mkipokea malipo ya kadi, kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinadai logi za miezi 12, mitatu ya karibuni ikiwa tayari kusomwa.

Swali la ruhusa ndilo zito. Maduka ya Target, Marekani, yalipovamiwa mwishoni mwa 2013 na kadi zipatazo milioni 40 kuibwa, vyombo vyao vilikuwa vimetoa tahadhari mapema. Hakuna aliyechukua hatua kwa wakati. Wavamizi walikuwa wameingia kwa nywila za fundi wa mitambo ya ubaridi, kwa hiyo kagueni pia wakandarasi wenu wanaingia wapi na kwa akaunti gani.

Kijana ametuandikia kwamba ameona tundu kwenye tovuti yetu, na anaomba kazi. Pia msimamizi wetu wa Tehama anaacha kazi mwisho wa mwezi. Je, tumchukue huyu? – Hoteli, Zanzibar

Msimtishe, msimlipe kwa kuogopa, na msimpe kiti kilicho wazi kwa sababu tu kiko wazi. Mwombeni maelezo ya tundu, mtu mwingine alithibitishe, lizibwe. Akitaka kuendelea kujaribu, kwanza iwepo barua iliyosainiwa yenye anwani za mifumo, tarehe, namba ya simu ya kupigwa kitu kikikwama, na katazo la kunakili taarifa za wageni. Kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata nia ikiwa njema. Akitaka ajira, afanye usaili kama wengine.

Anayeondoka ndiye wa haraka zaidi. Wiki hii, akiwa bado yupo na mko vizuri, angalieni jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi ni yake binafsi, na akishaondoka kulirudisha ni safari ndefu. Hamisheni pia umiliki wa akaunti ya malipo ya simu, ya kurasa za mitandao ya kijamii na ya mfumo wa kupokea wageni. Fungueni akaunti ya dharura ya msimamizi, nywila yake iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Siku yake ya mwisho, kabla hajakabidhi funguo, akaunti zake zifungwe, VPN yake (njia ya kuingia kwenye mtandao wenu akiwa mbali) iondolewe, na kila nywila iliyokuwa ya watu wengi ibadilishwe, pamoja na ya kamera na ya rauta.